UZI: Dawa za saikosisi zinavyofanya kazi, na kwa nini mgonjwa wako anapinda shingo, hatulii au ananenepa

MuuguziWaZamu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aruke historia aende kwenye madhara.

Nawaandikia hasa wanaouguza mtu mwenye saikosisi, yaani anayesikia sauti zisizokuwepo au kushika mambo yasiyo kweli. Mtu amelazwa wodi ya akili kwa sababu anasikia sauti, halali, na ameshika kwamba majirani wanapanga kumuua. Anatulia, anaruhusiwa na bahasha ya vidonge. Siku ya pili akiwa nyumbani shingo inapinda upande mmoja, macho yanageukia juu, ulimi unatoka nje na hawezi kuurudisha. Nyumba nzima inakubaliana kwamba hilo ni jini na limekataa dawa za hospitali. Vidonge vinatupwa chooni, mgonjwa anapelekwa kwa mganga au kwenye maombi, na baada ya wiki kadhaa anarudi wodini akiwa amefungwa kamba. Kile kilichomtoa kwenye dawa ni dhara la dawa yenyewe linalojulikana tangu miaka ya hamsini, na sindano moja ingelimaliza kwa muda wa nusu saa hivi.

Kwanza zilikotoka, kwa ufupi. Ya kwanza ni klopromazini, wazee wa wodini wanaiita Largactil. Ilitengenezwa Ufaransa Desemba 1950 katika kampuni ya Rhône-Poulenc, na wala haikutafutwa kwa ajili ya wagonjwa wa akili. Henri Laborit, daktari mpasuaji wa jeshi la majini, alikuwa anatafuta kitu cha kumtuliza mgonjwa wa upasuaji, akaona wakipewa hiyo wanabaki macho ila hawana habari na kinachoendelea. Mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker wakaitumia kwa wagonjwa wa hospitali ya Sainte-Anne, Paris, na habari zikasambaa haraka. Mwaka 1958 timu ya Mbelgiji Paul Janssen ikaja na haloperidoli, ambayo mpaka leo ndiyo utakayoikuta karibu kila hospitali ya wilaya. Wote hao walikuwa wanaona matokeo tu. Sababu ilianza kueleweka 1963, Msweden Arvid Carlsson alipoonyesha kwa panya kwamba dawa hizi zinaingilia kazi ya dopamini. Huyo huyo Carlsson alipata Nobel mwaka 2000 kwa kazi yake juu ya dopamini.

Sasa dopamini. Ni kemikali ambayo seli za ubongo hupelekeana nayo ujumbe: seli moja inaitoa, inakwenda kukaa kwenye vipokezi vya seli ya pili. Katika saikosisi, eneo moja la ndani ya ubongo linaitoa kupita kiasi, na pale kazi yake mojawapo ni kuiambia akili "hiki kinakuhusu, kiangalie". Ikizidi, kila kitu kinakuhusu. Gari lililosimama nje, mtangazaji wa redio, jirani aliyekohoa.

Dawa inachofanya ni kuwahi siti, kama abiria wa daladala asubuhi. Vipokezi vinavyoitwa D2 ndizo siti zenyewe. Dawa ikishakaa, dopamini haina pa kukaa na kelele inapungua. Ila haifuti wazo lililokwisha kujengeka. Ndiyo maana wiki ya kwanza mtu analala, anakula, fujo zinaisha, lakini ukimuuliza bado atakwambia majirani wanamwinda. Imani ile hufifia taratibu, mara nyingi wiki nne hadi sita. Ndugu wengi hukata tamaa kabla ya hapo wakasema dawa haifanyi kazi.

Balaa ni kwamba siti za D2 hazipo sehemu ile tu. Zipo kwenye mfumo unaoongoza mwendo wa mwili, zipo kwenye tezi inayotoa prolaktini, homoni ya maziwa ya kunyonyesha, na njia nyingine ya dopamini inaelekea sehemu ya mbele ya ubongo inayohusika na ari ya kufanya mambo. Kidonge hakichagui, kinawahi zote. Utafiti mmoja wa Toronto uliochapishwa 2000 uliwapiga picha za ubongo watu walioanza haloperidoli kwa miligramu 1 au 2.5 kwa siku. Nafuu ilionekana siti zipatazo 65 kati ya 100 zikishajaa. Zikifika 72 prolaktini inapanda. Zikifika 78 mwili unaanza kukakamaa. Tazameni nafasi ilivyo finyu, halafu tazameni dozi zenyewe zilivyo ndogo. Ninapoona kijana anaanza safari hii kwa dozi kubwa ili wodi itulie usiku, huwa nakereka, na nasema wazi kwamba nusu ya sifa mbaya za dawa hizi zimetokana na tabia hiyo.

Madhara, nikianza na ya mwendo.

Kupinda shingo, macho kugeuka, taya kukaza: huja saa chache hadi siku chache baada ya kuanza au kuongezewa dozi, zaidi kwa vijana wa kiume na zaidi kwa haloperidoli na Modecate, sindano ya kundi hili inayokaa mwilini wiki kadhaa. Tiba ni Artane (kidonge cha kulegeza misuli iliyokazwa na dawa hizi), au sindano ya Phenergan. Nenda kituo chochote cha afya, usingoje kliniki ya akili. Koo likibana akashindwa kupumua vizuri, hiyo ni dharura, ondokeni saa hiyo hiyo.

Kutotulia: hili ndilo linalochukiza kuliko yote na ndilo linalopitwa kuliko yote. Mtu hawezi kukaa. Anatembea uani, anakaa, anainuka, anahamisha uzito mguu huu kwenda huu. Ukimuuliza anasema ndani kunawaka. Ndugu wanadhani ugonjwa umepanda, wanarudi hospitali, aliyepo zamu anaongeza dozi, na hali inakuwa mbaya zaidi. Wapo waliofikia kutaka kujiua kwa sababu ya hali hii peke yake. Kinachosaidia ni kupunguza dozi, kubadili dawa, au kuongezewa propranololi (dawa ya presha na moyo).

Kukakamaa na kutetemeka kama mzee mwenye Parkinson: uso hauchezi, mikono haipepei akitembea, mate yanatiririka. Huja kwa wiki kadhaa. Hapa watu ndipo wanaposema "amekuwa zezeta". Dozi ikishushwa, wengi hurudi kawaida.

Halafu kuna lile la baada ya miezi au miaka: mdomo unatafuna bila kitu, ulimi unatoka na kuingia, vidole vinacheza. Kwa dawa za zamani huwapata takriban watu wazima 5 kati ya 100 kwa kila mwaka wa matumizi, wazee zaidi. Hili linaweza lisiondoke hata dawa ikiachwa, kwa hiyo liripoti mapema. Na Artane hailitibu, huweza kulizidisha.

Dharura kubwa: homa kali, mwili mgumu kama ubao, jasho, kuchanganyikiwa. Kwetu kila homa ni malaria mpaka ithibitishwe vingine, lakini mtu anayemeza au kuchomwa dawa hizi akiwa na homa pamoja na mwili mgumu, sema majina ya dawa zake mapokezini kabla ya kitu kingine. Adimu, ila inaua.

Dawa mpya, yaani risperidoni, olanzapini, kwetiapini na aripiprazoli, hazikakamazi mwili sana kama haloperidoli, ingawa risperidoni dozi ikipanda hufanana nayo. Bei yake unailipa kwingine: olanzapini na klozapini (hii ni ya walioshindikana na dawa nyingine) huongeza uzito, sukari na mafuta ya damu. Mtu anaweza kuongezeka kilo nyingi ndani ya miezi michache, na familia inafurahi kwamba amenawiri. Mpimeni uzito na sukari.

Mengine ni usingizi, mdomo mkavu, choo kigumu, kizunguzungu akiinuka ghafla, na kwa klopromazini ngozi kuungua na jua upesi. Karibuni maswali.

---

Mchumia_Juani

Mkuu umenigusa. Mdogo wangu lilimkuta hilo la shingo akiwa sebuleni, bibi akaita watu wa kusoma Yasini. Sikatai Yasini, lakini kijana alikaa hivyo tangu magharibi mpaka usiku wa manane ndipo akapelekwa. Alipochomwa akakaa sawa. Swali: mbona dada wa jirani naye alipinda shingo hivyo hivyo na hana ugonjwa wowote wa akili? Alikuwa na mimba, anatapika tu.

MuuguziWaZamu

Pole mkuu. Kwa dada wa jirani ningeuliza kama alipewa Plasil. Ni dawa ya kuzuia kutapika lakini nayo inakalia siti hizo hizo za D2. Kwa hiyo mtu asiye na saikosisi hata kidogo naye hupinda shingo. Ukimweleza bibi habari hiyo nadhani atakuelewa vizuri kuliko maelezo yangu yote ya hapo juu. Yasini isomwe, na gari liitwe.

---

Mzalendo_Halisi

Mimi naona hizi dawa ni biashara. Zinamtuliza mtu ili asisumbue, basi. Hazitibu. Mtu akianza hamalizi. Binamu yangu aliacha na yuko poa mwaka wa pili sasa.

MuuguziWaZamu

Mzalendo, kwamba haziondoi chanzo uko sahihi, na sitakubishia. Kwamba makampuni yanauza kwa sifa zisizo zake, pia kweli. Mwaka 2005 Wamarekani walichapisha utafiti mkubwa wa watu zaidi ya 1,400 wakilinganisha dawa mpya za bei mbaya na moja ya zamani. Ile ya zamani haikuachwa mbali, na watu 74 kati ya 100 waliacha dawa waliyopangiwa kabla ya miezi 18 kwisha. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kipya ndiyo bora.

Ila kuhusu kuacha, majaribio 65 yalikusanywa pamoja mwaka 2012, watu karibu 6,500 waliokuwa wametulia. Walioendelea na dawa, 27 kati ya 100 walirudiwa na ugonjwa ndani ya mwaka. Waliobadilishiwa vidonge visivyo na dawa, 64. Ona pande zote mbili: wapo walioacha wakabaki salama, binamu yako anaweza kuwa mmoja wao. Lakini huwezi kumtambua mapema ni nani.

Mzalendo_Halisi

Hapo nimekupata kidogo. Kidogo.

---

Nimepona_Nusu

Naomba niseme kama mtumiaji, maana hapa wanaongea wauguzaji tu.

Hilo la kutotulia mleta uzi amelieleza vizuri lakini halielezeki. Nilikuwa nasimama kwenye foleni ya dirisha la dawa na nashindwa kubaki kwenye foleni. Nilikwenda msikitini nikashindwa kukaa tahiyatu. Shemeji yangu alisema nimeanza tena, nikaongezewa dozi. Sauti zilikuwa zimeshaondoka zamani! Kilichonisumbua ni dawa, lakini ukishakuwa na jina la kichaa, ukisema "dawa hii inanitesa" wanaandika kwamba mgonjwa anakataa dawa.

Aliyenisaidia ni daktari kijana aliyeniambia nikae kwenye kiti kwa dakika chache huku akitazama miguu yangu tu, hata hakuuliza maswali mengi. Akapunguza haloperidoli, akaongeza propranololi. Baadaye nikahamishiwa risperidoni kidogo usiku. Nafanya kazi, nalipa kodi ya nyumba. Nguvu za kiume zilishuka, hilo nalisema hadharani kwa sababu nyie wanaume wenzangu mnaacha dawa kimya kimya kwa ajili hiyo na hakuna anayejua kwa nini mmerudi wodini.

MuuguziWaZamu

Ndugu yangu, asante sana. Hiyo ya kumkalisha mtu na kumtazama miguu ndiyo njia yenyewe ya kupima, na haihitaji mashine. Nguvu za kiume kushuka kunatokana sana na prolaktini, na risperidoni ni miongoni mwa zinazoipandisha zaidi. Mwambie daktari wako kama hujamwambia, kuna nafasi ya kushusha dozi au kubadili. Aripiprazoli kwa mfano inakaa kwenye siti lakini inafanya kazi kidogo ya dopamini yenyewe, kwa hiyo prolaktini kwa kawaida haipandi.

---

BintiLikoni

Salaam kutoka Mombasa. Dadangu yuko kwa risperidoni, hedhi imekata na maziwa yanatoka na hana mimba wala mtoto. Mamangu ashaanza kumuuliza maswali ya ajabu. Hivi ni dawa kweli?

MuuguziWaZamu

Dada, inaelekea sana ni dawa. Dopamini ndiyo inayoizuia tezi isitoe prolaktini. Siti zikijaa, kizuizi kinaondoka, mwili unajiona unanyonyesha. Apimwe mimba kwanza, kisha prolaktini ya damu, na daktari aamue kuhusu dozi. Mwombe mama aache kumhoji mtoto wa watu. Na mjue kwamba hedhi kukata si kinga kamili ya mimba, akihamishiwa dawa nyingine uzazi unaweza kurudi kabla hamjajua. Akitaka kubeba mimba aseme mapema, kuacha dawa ghafla mimba ikishaingia ni hatari kwake na kwa mtoto.

---

Mfamasia_Pembeni

Nimekaa duka la dawa muda mrefu, niongeze mawili matatu.

Artane: msinunue kiholela. Wapo vijana wanaitafuta ili walewe, ndiyo maana tunaomba cheti. Na si kila anayetumia haloperidoli anaihitaji maisha yake yote. Inakausha mdomo, inafunga choo, inapunguza kumbukumbu. Ukiona cheti cha miaka mitano kina Artane ile ile, ulizeni kama bado inahitajika.

Dawa za TB: rifampisini inalifanya ini liivunje haloperidoli upesi mno. Mtu aliyetulia anaanza TB, baada ya wiki chache anapandisha, watu wanasema amerogwa kazini. Kliniki ya TB na kliniki ya akili ziambiwe zote mbili.

Sigara: moshi wake unashusha kiwango cha olanzapini na klozapini kwenye damu. Mvutaji akiacha sigara ghafla, kwa mfano amelazwa, kiwango kinapanda bila dozi kuguswa, analala mchana kutwa.

Kwaheri_Mirungi

Na mirungi je? Hapa kwetu mtu anameza kidonge asubuhi, jioni yuko barazani anatafuna.

Mfamasia_Pembeni

Kemikali kuu ya mirungi inamwaga dopamini. Kidonge kinaziba, jani linafungulia. Huyo hata dozi ikipandishwa ataendelea kusumbuka. Bangi nayo iko upande huo huo.

MuuguziWaZamu

Nakazia hapo. Asifichwe daktari. Kliniki hawaiti polisi kwa sababu mtu anatafuna.

---

UstadhMdogo

Ramadhani inakaribia. Mgonjwa wetu anataka kufunga kwa nguvu zote. Vidonge asubuhi na jioni.

MuuguziWaZamu

Ustadh, nyingi za dawa hizi zinaweza kupangwa usiku, baada ya futari au daku, maana hukaa mwilini muda mrefu. Apangiwe na daktari kabla ya mwezi kuandama, asijipangie. Wa kuogopewa zaidi ni anayetumia lithiamu: ni dawa ya kundi jingine, ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka, lakini baadhi ya wagonjwa wanazimeza pamoja. Maji yakipungua mwilini lithiamu inapanda mpaka kuwa sumu. Huyo nawaachia mashehe na daktari wake wakae pamoja. Na anayekosa usingizi kwa ajili ya daku na sala za usiku mumwangalie, kwa kuwa kukosa usingizi peke yake huwaamsha wengi ugonjwa.

---

Mama_Wawili

Mwanangu amejaribishwa dawa mbili, zote dozi kamili, bado anaongea na watu wasiokuwepo. Daktari ametaja klozapini lakini akasema lazima damu ipimwe kila wiki. Naogopa. Wanatafuta nini kwenye damu?

MuuguziWaZamu

Mama, shikamoo. Wanahesabu seli nyeupe. Mwaka 1975 kule Finland watu walikufa kwa sababu klozapini ilizimaliza seli hizo na maambukizi madogo yakawashinda. Dawa ikakaa pembeni miaka mingi. Mwaka 1988 Wamarekani wakaonyesha kwamba kwa watu walioshindikana na dawa nyingine, 30 kati ya 100 walipata nafuu kwa klozapini, dhidi ya 4 waliopewa klopromazini. Ikarudishwa kwa masharti ya kupima damu. Tatizo lile huwapata chini ya mmoja kati ya 100, na zaidi katika wiki 18 za mwanzo, ndiyo sababu ya kupima kila wiki kipindi hicho. Akipata homa au koo kuuma, usimpe dawa ya duka, nenda akapimwe damu siku hiyo hiyo.

Watakaokwambia habari za damu ni wengi. Wachache watakwambia habari za choo. Klozapini hulegeza utumbo mpaka ukasimama, na hilo nalo limeua watu. Akipitisha siku tatu bila choo, au tumbo likavimba, mpeleke. Udenda usiku ni kawaida, weka taulo juu ya mto.

Mimi ningempa nafasi ya kuijaribu, endapo maabara iko karibu na nauli ya kila wiki ipo. Bila hivyo vitu viwili ningesita.

Mama_Wawili

Marahaba mwanangu. Maabara iko mjini, nauli nitaomba kwa kaka zake.

---

Mchumia_Juani

Mkuu, la mwisho. Mdogo wangu sasa yuko sawa, anauliza ataacha lini.

MuuguziWaZamu

Kama ni mara ya kwanza kuugua, kawaida ni mwaka mmoja hadi miwili ya utulivu kamili ndipo mjadala uanze. Halafu dawa inashushwa kidogo kidogo kwa miezi, haikatwi. Ubongo uliozibwa muda mrefu hujiongezea siti, ukiondoa dawa ghafla dopamini inakuta nafasi nyingi mno. Chagueni kipindi kisicho na mtihani, harusi wala msiba. Mtu mmoja nyumbani apewe kazi ya kuangalia usingizi, maana mara nyingi ndio unaotangulia kuharibika.

Mchumia_Juani

Na ile propranololi aliyoitaja Nimepona_Nusu, naweza kumnunulia? Mguu wake mmoja huwa hautulii akikaa. Ana pumu tangu utotoni.

MuuguziWaZamu

Usimnunulie! Mwenye pumu propranololi inaweza kumbana kifua vibaya. Mpeleke kliniki, waambie yote mawili, mguu na pumu, watapunguza dozi au watachagua dawa nyingine.